Nani Huhesabu Samaki Ziwani?

SWALI: Mwalimu, nauza mbuta (sangara) hapa soko la Gikomba, Nairobi. Mteja ameniambia samaki wa Ziwa Victoria huhesabiwa. Nani huzamia kuwahesabu? – Mama Otis

JIBU: Mama Otis, hakuna anayezamia! Watafiti wa Kisumu, Jinja na Mwanza hupita ziwani na chombo kinachopiga sauti majini. Mwangwi ukirudi, wanakadiria wingi. Anayewaunganisha ni Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa 1994 na Kenya, Uganda na Tanzania. Makao yake yako Jinja.

Lakini mimi humvulia kofia karani wa ufuoni anayeandika samaki waliovuliwa, ambaye mara nyingi ni kijana wa BMU, kamati ya wavuvi wenyewe. Niliwahi kusimama naye alfajiri. Daftari limeloa, kalamu imefungwa kwa uzi. Mbuta analazwa kwenye ubao wa sentimita, mdomo kwenye sifuri, mkia unanyooshwa, kisha anatundikwa kwenye mizani. Karani anauliza: nyavu ngapi? Mlitoka saa ngapi? Mvuvi anajibu kwa hasira, maana barafu inayeyuka na lori la Nairobi linanguruma. (Na wengine hudanganya, tusifichane.)

Mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Weka futi ya fundi cherehani kwenye meza yako, Mama.