Mwigizaji Anapoongoza Filamu Yake Mwenyewe

Siku ya tatu ya kupiga picha za filamu ya kwanza niliyoiongoza, mwigizaji mwenzangu alisimama katikati ya onyesho la ugomvi wa mke na mume, akaniambia kwa upole kwamba simsikilizi. Alisema kweli. Kinywa changu kilikuwa kikitamka maneno ya mume, lakini macho yangu yalikuwa yakikagua kama amesimama penye alama yake, kama taa imemkaa vizuri usoni na kama hajaruka neno lolote la muswada. Kamera huyanasa macho ya namna hiyo, hata pale mwigizaji anapodhani ameyaficha.

Kwa hiyo ninyi mnaotoka kwenye uigizaji mkitaka kuongoza na kutayarisha filamu, tafuteni jicho la pili kabla ya kutafuta kamera. Awe mwongozaji msaidizi au mwigizaji mzoefu asiye na nafasi katika filamu hiyo, mradi apewe ruhusa, mbele ya kikosi kizima, ya kumwambia mwenye filamu kwamba hapo hakuigiza vizuri na arudie. Ruhusa ya chemba haitoshi, kwa kuwa hakuna anayependa kumkosoa mtu anayemlipa.

Monita, yaani skrini inayoonyesha kile kamera inachonasa, husaidia, lakini nayo ina mtego wake. Jerry Lewis, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa akijiongoza mwenyewe, alitumia kamera ya video sambamba na kamera ya filamu mwaka 1960 ili aweze kujitazama papo hapo, na tangu hapo wengi wetu tumeufuata mtindo huo. Anayekwenda kujitazama baada ya kila shoti, hata hivyo, hupoteza saa nzima bila kujua, na wenzake hupoa wakimngoja. Mimi hutazama mara mbili tu: mwanzoni, kuhakikisha fremu ni ile niliyoikusudia, na mwishoni, kabla kamera haijahamishwa. Yaliyo katikati namwachia jicho la pili. Taa zinapopangwa, mtu mwenye kimo kama changu husimama mahali pangu, nami nikabaki nyuma ya kamera.

Kwa muda mrefu niliziacha shoti zangu za karibu, zile zinazoonyesha uso, ziwe za mwisho, nikidhani huo ndio ungwana. Nilipoketi na mhariri niliona matokeo yake: nyuso za wenzangu zilikuwa na uhai, na wangu ulikuwa wa mtu aliyechoka, chini ya mwanga wa jua uliokwisha kubadilika, katika mazungumzo yaleyale. Siku hizi shoti zangu zinaingia kwenye ratiba kama za mwigizaji mwingine yeyote. (Mhariri, kama inawezekana, asiwe amehudhuria upigaji picha, kwa sababu aliyeona jinsi mlivyohangaika kuipata shoti fulani huona huruma kuikata.)

Utayarishaji una hesabu zake. Waigizaji Charlie Chaplin, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, pamoja na mwongozaji D. W. Griffith, walipoanzisha kampuni ya United Artists mwaka 1919, walitaka usambazaji wa kazi zao usibaki mikononi mwa studio kubwa, na suala hilo halijazeeka. Haki za muswada ziwe zimeandikwa na kusainiwa kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, hata kama mwandishi ni rafiki yenu wa utotoni. Wekeni akiba ya dharura, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bajeti. Malipo yenu kama mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji yaandikwe katika mistari mitatu tofauti, hata ule mnaokusudia kuusamehe, la sivyo filamu itaonekana ya gharama ndogo kuliko ilivyo, na ijayo mtaipangia bajeti ya uongo.

Ugomvi mkubwa zaidi huzuka jioni, wakati mwongozaji anataka kurudia mara moja tu, ilhali mtayarishaji anajua kwamba saa za ziada zimeanza kuhesabiwa, na wote wawili ni mtu mmoja. Nimempa meneja wangu wa uzalishaji mamlaka ya kuzima taa saa ikifika. Amezizima mara mbili, na mara ya pili nilikuwa bado naongea.