Msamiati Mgumu wa Kiingereza kwa Aliyesoma kwa Kifaransa

Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huko Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura tunazidi kuhitaji Kiingereza cha barua rasmi, mikataba na mitihani, hasa tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wengi wetu huanza kwa kutafuta orodha ndefu ya maneno magumu na kuikariri kutoka juu hadi chini. Mimi nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa orodha hizo zilipangwa kwa kufuata kile kinachomshinda Mmarekani au Mwingereza, na kinachomshinda yeye mara nyingi hakitushindi sisi.

Chukua maneno "taciturn", "loquacious", "perspicacious" na "pusillanimous". Mwanafunzi wa Chicago huyahangaikia, lakini aliyekwisha kusoma "taciturne", "loquace", "perspicace" na "pusillanime" hana jipya la kukariri isipokuwa miisho. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mahakama. Baadaye wasomi wa huko wakaendelea kuchota maneno kutoka Kifaransa na Kilatini. Ndiyo maana, kabla ya kubuni mbinu yoyote ya kumbukumbu, ni vyema kujua kwanza jinsi sauti zilivyobadilika, kwani kanuni moja hufungua maneno mengi kwa mara moja.

Alama ndogo inayokaa juu ya irabu katika "forêt", "hâte" na "conquête" mara nyingi huonyesha mahali ambapo Kifaransa kiliiacha "s", ilhali Kiingereza kiliitunza: "forest", "haste", "conquest". Vivyo hivyo "é" ya mwanzo wa neno, kama katika "étrange", "épouse" na "éponge", hurudi kuwa "s" katika "strange", "spouse" na "sponge". Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Wanormandi, ambao walitamka "w" pale ambapo watu wa Paris walitamka "g". Kutokana nao "guerre" ni "war" na Guillaume ni William. Tena Kiingereza kiliyapokea matamshi yote mawili, ndipo kikawa na "warranty" na "guarantee", "warden" na "guardian". Ukiyajua hayo, kurasa nyingi za orodha yako utazipitia kwa kalamu tu, ukifuta.

Yanayobaki ndiyo magumu kwetu, nayo aghalabu ni mafupi: "shun", "hoard", "meek", "thwart", "dwindle". Haya hayana ndugu katika Kifaransa, na hapa ndipo mbinu za kumbukumbu zinapostahili nguvu zako zote. Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kirusi: mwanafunzi hutafuta katika lugha yake neno linalosikika kama lile geni, kisha huunganisha maana zote mbili katika picha moja. Waliotumia njia hiyo walikumbuka maneno mengi zaidi kuliko wenzao.

Ushauri wangu ni kwamba neno hilo la msaada litoke katika Kiswahili, si katika Kifaransa, kwa sababu neno la Kifaransa huvuta pamoja nalo tahajia na maana zinazochanganya, ilhali picha ya nyumbani hukaa. "Shun", yaani kumkwepa mtu au jambo kwa makusudi, hutamkwa karibu na "shan", nami humwona kijana anayepita njia ya nyuma ili asikutane na shangazi atakayemuuliza ataoa lini. "Hoard" ni kulimbikiza mali na kuificha: mfanyabiashara amejaza magunia ya sukari chumbani akingoja bei ipande, watu wanabisha "hodi, hodi", naye hafungui. "Meek", mtu mpole asiyejikweza, ni yule anayewaachia wengine viti na kukaa kwenye mikeka. Picha iwe na mtu, iwe na tendo, na ubuni yako mwenyewe. Ya kuazima hufutika mapema.

Kuna kundi jingine ambalo picha hazilisaidii sana, nalo ni la maneno yanayofanana sura lakini yametengana maana. Dawa yake ni sentensi kamili. Anayefikiri kwa Kifaransa akiandika "We will eventually pay" hukusudia kwamba huenda watalipa, lakini msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba hatimaye watalipa kwa hakika. Akiandika "I demand a meeting" akidhani anaomba, mwenzake atasoma kwamba anadai, tena kwa ukali. Tofauti hizo huvunja mikataba na kuharibu barua za kuomba kazi, kwa hiyo kila neno la aina hiyo liandikie sentensi mbili, moja ya Kifaransa na moja ya Kiingereza, uzisome pamoja.

Kuhusu marudio, andika kila neno kwenye kadi ndogo, maana yake nyuma, kisha fuata utaratibu wa visanduku alioueneza Sebastian Leitner: kadi uliyoijibu sawasawa husogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, na uliyoikosa hurudi cha kwanza. Programu ya Anki hukupangia ratiba ya namna hiyo kwenye simu au kompyuta.

Kila kadi iandikwe pia silabi yenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na Kifaransa huupeleka mwishoni, lakini Kiingereza huuhamisha: "photograph" lina mkazo mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Mimi huipigia mstari silabi hiyo kwa wino mwekundu, kisha hulitamka neno kwa sauti kabla ya kugeuza kadi.