Maswali ya Wasomaji: Kupanga Nyumba Berlin

Swali: Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Berlin na masomo yanaanza Oktoba. Nimeona tangazo la nyumba ya vyumba viwili kwa euro 480 kwa mwezi. Mwenye nyumba anasema yuko nje ya Ujerumani kikazi, na anataka nimtumie kodi ya miezi miwili ndipo anitumie funguo kwa posta. Rafiki zangu wananihimiza nisiiachie. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usitume hata senti moja. Mwenye nyumba aliye safarini, anayepangisha kwa bei ya chini na kutuma funguo baada ya kupokea fedha, ni tapeli wa aina inayojulikana sana katika miji ya Ujerumani, na wanaowindwa ni watu kama wewe ambao bado hawajafika na hawawezi kwenda kubisha hodi. Usimpe nakala ya pasipoti pia, kwa kuwa anaweza kuitumia kumlaghai mtu mwingine kwa jina lako.

Pili, kwa sasa acha kutafuta nyumba nzima. Tangazo moja la nyumba Berlin huvuta waombaji wengi mno, na anayepewa ni yule mwenye makaratasi kamili: hati za mshahara za miezi 3 iliyopita pamoja na taarifa ya Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za namna watu wanavyolipa madeni yao. Mgeni hana mshahara wa huko wala kumbukumbu huko, na hakuna barua ya kujieleza itakayoziba pengo hilo. Omba chumba katika hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu upatapo barua ya udahili, maana foleni yake ni ndefu. Wakati ukisubiri, tafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambayo Wajerumani huiita WG, ambamo wapangaji kadhaa hutumia jiko na bafu moja. Huko watakaokuhoji ni wapangaji wenyewe, mara nyingi kwa simu ya video, na wanachotaka kujua ni kama utaosha vyombo vyako na kama mtaelewana. Uwezo wako wa kulipa utauthibitisha kwa barua ya akaunti maalumu ya viza, ambayo kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024 huwekwa euro 11,904 kwa mwaka na kutolewa euro 992 kila mwezi. Hakikisha ubalozini kama kiwango hicho bado ndicho kinachotumika.

Katika kuchagua chumba hicho cha kwanza, mimi ningetanguliza jambo moja kabla ya bei na kabla ya mtaa: je, anayekupangisha atakusainia Wohnungsgeberbestätigung? Hii ni hati fupi inayothibitisha kwamba umehamia hapo. Sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya wakazi, yaani Bürgeramt, ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, na mkataba wa pango peke yake haupokelewi badala ya hati hiyo. Ukishajiandikisha ndipo unapotumiwa namba ya kodi ya mapato, na bila anwani iliyoandikishwa utakwama pia katika kibali cha ukaazi na katika benki nyingi. Hata mpangaji anayekupangisha tena chumba chake anaweza kuisaini, mradi awe na ruhusa ya mwenye nyumba. Anayekuambia kwamba utaishi kwake lakini usijiandikishe, mshukuru na uendelee kutafuta, hata kama chumba chake ni rahisi kupita vyote. Miadi ya Bürgeramt hujaa haraka, lakini si lazima uende ile ya wilaya yako. Ofisi yoyote ya jiji itakuhudumia.

Kuhusu fedha, utashangaa kwa wema na kwa ubaya. Aliyezoea kudaiwa Dar es Salaam kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, atafurahi kujua kwamba Ujerumani kodi hulipwa kila mwezi kupitia benki, na kwamba tangu Juni 2015 dalali wa nyumba za kupanga hulipwa na yule aliyemwagiza, ambaye kwa kawaida ni mwenye nyumba. Amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3, nawe una haki ya kuilipa kwa awamu 3. Kodi inayohesabiwa hapo ni Kaltmiete, yaani kodi ya nyumba peke yake bila gharama nyingine. Lakini utakayotoa mfukoni kila mwezi ni Warmmiete, iliyoongezwa gharama za maji, taka na, mara nyingi, joto la nyumba. Umeme na intaneti kwa kawaida utajitegemea. Soma tangazo kwa makini, kwa sababu bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ile ndogo.

Jambo jingine linalowashtua wengi ni kwamba nyumba isiyo na samani huweza kuwa tupu kwelikweli: jikoni hakuna sinki wala jiko, na darini zinaning'inia nyaya mbili tatu mahali pa taa. Vilevile sebule huhesabiwa kuwa chumba, kwa hiyo nyumba ya vyumba viwili ni kile tunachokiita chumba na sebule. Siku ya kukabidhiwa piga picha za kila ufa na kila doa, na uhakikishe jina lako limebandikwa kwenye kisanduku cha barua. Anwani za huko kwa kawaida hazina namba ya mlango, na mleta barua hufuata jina. Asipoliona, kadi yako ya benki inarudi ilikotoka.

(Ukijikuta Lucy-Lameck-Straße, mtaani Neukölln, hujapotea. Ni huyo huyo Lucy Lameck wetu, mwanasiasa wa Tanzania. Mwaka 2021 jina lake lilichukua nafasi ya lile la Wissmann, gavana wa zama za ukoloni.)

Swali: Tumehamia Wedding, Berlin, mimi na mume wangu. Jirani amebandika karatasi mlangoni akilalamika kwamba tuligongelea kabati siku ya Jumapili, na sasa mwenye nyumba ameandika kwamba ukungu uliojitokeza ukutani ni kosa letu. Je, wanatuonea? (Msomaji kutoka Kenya)

Jibu: Jirani ana haki. Jumapili na sikukuu ni siku za utulivu kisheria, sawa na kila usiku kuanzia saa 4 hadi saa 12 alfajiri, na nyundo haina udhuru. Karatasi ya mlangoni msiichukue kama tusi. Ni njia ya kawaida kwa majirani wa huko, na hodi moja ya kujitambulisha hupunguza karatasi zijazo.

Suala la ukungu halijaamuliwa bado. Madirisha ya kisasa hufunga kabisa, kwa hiyo mvuke wa sufuria ya githeri na wa nguo zinazoanikwa ndani haupati pa kutokea. Fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, hata theluji ikianguka, wala msizime kabisa kifaa cha joto. Lakini chanzo kinaweza pia kuwa bomba linalovuja au ukuta wa nje wenye kasoro, na hapo mwenye nyumba ndiye wa kurekebisha. Mjibuni sasa hivi kwa maandishi, mkiambatanisha picha zenye tarehe, kwa kuwa mpangaji anayenyamazia kasoro anaweza kudaiwa fidia. Sheria hupunguza kodi pale kasoro inapokuwa ya jengo, ila msijikatie wenyewe kabla ya kupata ushauri wa chama cha wapangaji, Mieterverein, ambacho hutoza ada ya uanachama. Malimbikizo ya kodi ya miezi 2 yanatosha kuwavunjia mkataba.

Swali: Nimeletewa barua ya kudai ada ya redio na televisheni, nami sina televisheni. Je, ni utapeli? (Msomaji, Hamburg)

Jibu: Ikiwa imetoka Beitragsservice, ofisi inayokusanya ada hiyo, ni halali. Tangu mwaka 2013 ada hiyo hutozwa kila makazi bila kujali vifaa vilivyomo, na tangu Agosti 2021 imekuwa euro 18.36 kwa mwezi. Nyumba moja hulipa mara moja tu: mwulize unayeishi naye kama tayari analipa, na ikiwa ndivyo, ijibu barua kwa kutaja namba yake ya malipo. Usiitupe, kwani deni linaanza kuhesabiwa tangu mwezi ulipohamia.