Msingoje maji yafike mlangoni
Dada, umeuliza kama mnaokaa kando ya Mto Mathare, Nairobi, mhame masika yakianza. Kama maji yaliingia ndani wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, yanaweza kuingia tena. Watoto na wazee waondoke mara tu Idara ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa. Mto huo unaweza kufurika usiku kwa mvua iliyonyesha huko juu, kwenu kukiwa kukavu kabisa.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na dawa za shinikizo la damu tia kwenye ndoo yenye kifuniko, karibu na mlango. Zimeni umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika soketi. Na tafadhali msivuke maji yanayokimbia! Sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima. Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo.