HttpClient ya Java au maktaba ya nje?
Kama programu yako iko kwenye Java 11 au zaidi, tumia HttpClient, yaani chombo cha kutuma maombi ya HTTP kwa seva, iliyomo ndani ya Java yenyewe kwenye kifurushi cha java.net.http. Imekuwa rasmi tangu 2018, inamudu HTTP/2 (toleo la pili la itifaki ya HTTP), na inatuma maombi kwa kusubiri jibu au bila kusubiri. Huna maktaba ya ziada ya kusasisha kila mara. Ila weka kikomo cha muda mwenyewe, yaani connectTimeout kwenye klayenti na timeout kwenye kila ombi. Usipoweka, ombi linaweza kuning'inia bila mwisho, na hilo huangusha mifumo mizima. Kama bado uko Java 8, chukua maktaba ya nje kama OkHttp au Apache HttpClient. Hata kupakia mafaili kwa multipart (ombi moja lenye sehemu kadhaa, kama faili na maandishi) ni rahisi zaidi kwa maktaba hizo.