Super VC10 ya East African Airways: mlango wa mizigo, unene wa kingo na plastiki ya kuokota

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Seti yako ya modeli ya plastiki ya ndege ya abiria Super VC10, ya kipimo cha 1/144, imekuja na alama za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, na wewe unataka iwe ya East African Airways. Je, inatosha kubadilisha rangi? Na vipande visivyomo kwenye boksi utavitengeneza kwa kitu gani, ikiwa karatasi za plastiki za kuagiza nje zinakugharimu posta kuliko bei yake? Ndege hii nimeijenga mara tatu. Ya kwanza niliitupa, ya pili iko kwenye kabati la vyombo sebuleni kwa mjomba wangu, ya tatu iko mezani ninapoandika. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Rangi peke yake haitoshi. Super VC10 za East African zilikuwa tano, zikaja kati ya 1966 na 1970, na usajili wake uligawanywa kwa nchi tatu zenye shirika: 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, 5Y-ADA Kenya. Kiwandani zilijulikana kama Type 1154, na zilikuwa na kitu ambacho Super za BOAC hazikuwa nacho: mlango mkubwa wa mizigo ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya mlango wa mbele wa abiria. Ukipaka rangi za Afrika Mashariki juu ya bodi isiyo na mlango huo, umejenga ndege ya BOAC iliyovaa nguo za jirani. Aliyezifahamu ndege zile ataliona hilo kabla hujamaliza kuweka modeli mezani.

Chagua ndege moja tangu mwanzo, usijenge "VC10 ya East African" kwa ujumla. 5X-UVA ilipotea kwenye ajali ya Addis Ababa Aprili 1972, kwa hiyo picha yake yoyote ni ya kabla ya hapo. Nne zilizobaki zilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza baada ya shirika kuvunjika 1977, zikageuzwa kuwa za kujaza wenzao mafuta angani, namba ZA147 hadi ZA150. Hiyo ni bahati kwetu, kwa sababu za mwisho kati yake ziliruka hadi Septemba 2013 na picha zake za karibu, zilizo safi, ni nyingi mno. ZA150 ndiyo ile 5H-MOG yetu, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, na ilihifadhiwa Dunsfold, Uingereza. Mlango wa mizigo unaonekana vizuri kwenye picha hizo; matangi ya ziada ya mafuta yaliingizwa ndani kupitia humo humo. Ila usinakili bomba la kupokelea mafuta puani wala vifaa vya mipira ya kutolea mafuta chini ya mabawa. Hivyo ni vya jeshi.

Sasa mlango wenyewe. Upana wake ni kama mita 3.56 na kimo mita 2.13. Gawa kwa 144 unapata milimita 24.7 kwa 14.8. Vipimo hivyo nilivipata sawasawa hata mara ya kwanza, na bado nikakosea, kwa sababu nilivipima kutoka katikati ya bodi kwenda chini, nikachora. Nikaipeleka modeli kwa mjomba, ambaye ujana wake aliumalizia uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, akipakia na kupakua ndege za shirika. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaizungusha, kisha akaniuliza, "Mjomba, mzigo ukiingia hapa unakanyaga wapi?"

Kizingiti cha mlango wangu kilikuwa chini ya sakafu. Sakafu ya ndege ni moja, kwa hiyo kizingiti cha mlango wa mizigo lazima kiwe usawa mmoja na cha mlango wa abiria ulio mbele yake. Anzia hapo. Vuta mstari wa penseli kutoka kizingiti cha mlango wa abiria kwenda nyuma, halafu panda juu. Mlango huu unafunguka kwa kunyanyuka, bawaba zake ziko juu, na madirisha ya abiria yanaendelea ndani yake kama kawaida. Kwa hiyo mstari wako utapita kati ya madirisha, na ukiona unakata dirisha katikati, ujue umekosea mahali. Kimo ukipime kwa ukanda wa karatasi uliolazwa juu ya mbinuko wa bodi, si kwa rula iliyosimama, maana rula itakudanganya karibu na paa.

Kuchora mkono mtupu usijaribu. Chukua kopo la soda, kata kipande cha bati lake kwa mkasi, chora mstatili wa mlango, kata, kisha zungushia pembe kwa tupa ndogo hadi zote nne zilingane. Kilaze juu ya kipande cha bomba chenye mzingo unaokaribiana na bodi, kisugue kwa kidole gumba hadi kikubali kujikunja. Kibandike kwa tepu ya pande mbili, kisha pitisha ncha ya sindano pembeni yake. Mapito ya kwanza matatu yawe mepesi, kama unaikwaruza ngozi ya nyanya bila kuipasua. Nguvu zije baadaye, mfereji ukishajitengeneza. Sindano ikiteleza, weka tone la supaglu kwenye mkwaruzo na upige msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, na msasa utakula pembeni huku yenyewe imebaki kama kilima.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: zidisha kila kitu mara 144. Mfereji wa milimita 0.2 kwenye ndege halisi ni uwazi wa karibu sentimita 3. Abiria wangeona mawingu kupitia ukingo wa mlango. Ukingo wa nyuma wa bawa kwenye seti za zamani una milimita 0.8 hivi, yaani zaidi ya sentimita 11 za ndege halisi. Watu hutumia wiki nzima kuongeza antena na mistari, kisha bawa likabaki nene kama ubao wa dirisha, na jicho linakataa bila kujua kwa nini. Kwangu mimi modeli yenye kingo nyembamba na bila antena hata moja inashinda ile yenye antena zote na kingo nene. Kabla hujabandika nusu mbili za bawa, weka msasa wa maji namba 240 juu ya kioo, sugua upande wa ndani wa kila nusu ukielekeza uzito wa vidole kwenye ukingo wa nyuma, malizia na 400. Acha pale plastiki inapoanza kupitisha mwanga. Fanya vivyo hivyo kwenye mkia, na zile pezi ndogo zinazosimama juu ya mabawa zing'oe kabisa, uzitengeneze upya kwa plastiki nyembamba.

Plastiki hiyo unaishi nayo nyumbani. Geuza vyombo vya kutupa utazame pembetatu chini yake. Namba 6, au herufi PS, ndiyo polistirini, jamaa ya plastiki ya seti yako. Itashika kwa gundi ile ile. Namba 5 (PP) na namba 2 na 4 ziache, kwa sababu gundi ya modeli haiziyeyushi, na hata supaglu zinaiachia. Ndiyo sababu mirija ya soda inayopendekezwa na wengi huchomoka. Vikombe vya mtindi hutofautiana, vingine 5 vingine 6, kwa hiyo soma kila kimoja. Makasha ya CD ni polistirini pia, yanafaa pale unapotaka kioo au bapa nene lililonyooka, ingawa huvunjika ukiyakata kwa pupa: chora kwa wembe mara kadhaa kisha yavunjie ukingoni mwa meza. Na ile fremu inayoshika vipande vya seti usiitupe hata kijiti. Kijiti kikizungushwa juu ya mshumaa hadi king'ae na kulegea, ukikiondoa motoni na kukivuta, unapata uzi: vuta polepole upate mnene, haraka upate mwembamba kama unywele. Vipande vyake vidogo vikilala usiku kucha kwenye kichupa chenye thina ya rangi za magari vinakuwa uji, na uji huo ndio kijazio bora cha nyufa kwa sababu ukikauka ni plastiki ile ile. Upe siku mbili tatu ukauke kabisa, na fanya kazi hiyo barazani, si chumbani walikolala watoto.

Kazi iliyonipa furaha kuliko zote ni midomo ya injini. VC10 ina injini nne za Conway mkiani, mbili mbili kila upande, na ukiitazama kwa mbele midomo ile minne ndiyo sura yake. Seti nyingi zinakupa tundu fupi lenye ukuta karibu na mdomo, na mshono unapita katikati ya kila tundu mahali ambapo msasa haufiki. Nilihangaika na mshono huo kwenye modeli mbili. Kwenye ya tatu niliacha kuuziba, nikatengeneza koo jipya la kipande kimoja.

Nilikwenda kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, nikaomba mabaki ya mpingo. Mpingo hauna nyuzi zinazojichora kwenye plastiki, na ukiusugua hadi msasa namba 1000 unakuwa laini kama kioo. Nikachonga kijiti chenye umbo la ndani ya koo, kipana kidogo mdomoni, kikipungua kuelekea nyuma, chembamba kuliko tundu la seti kwa unene wa plastiki nitakayotumia. Kwenye kipande cha mbao nyembamba nikatoboa tundu linalopitisha kijiti hicho kwa nafasi ndogo, nikabana juu yake plastiki ya nusu milimita kwa pini pande zote. Iweke juu ya jiko la umeme, kiganja kimoja kutoka kwenye joto. Kwanza itajikunja, kisha itanyooka, kisha itaanza kulegea katikati na kung'aa. Wakati huo huo, bila kusita, sukuma kijiti ndani yake kwa mkupuo mmoja. Plastiki inavutika na kuwa nyembamba kadiri inavyoingia, na ndilo tunalolitaka: mdomo wenye ukingo mkali bila kuchonga. Nilitengeneza kumi na moja nikapata manne mazuri. Tundu la seti lipanue kwa keekee na msasa uliozungushiwa kijiti, ingiza koo, malizia na ule uji wa plastiki kwenye maungio ya nje tu. Ndani paka rangi kabla hujaingiza.

Vidogo vidogo nitavitaja kwa haraka. Vijiti vya kupimia kasi puani vitengeneze kwa sindano za insulini mpya za duka la dawa, ukizikata chini ya kitambaa ili zisirukie jicho. Antena bapa zikate kwenye plastiki nyembamba ya kikombe, kisha nyoosha kingo zake kwa msasa. Magurudumu ya seti yanatosha.

Uzito wa puani usiuchukulie kirahisi, kwa sababu ndege yenye injini zote mkiani itakaa kitako. Mimi hutumia chubwi za wavuvi kutoka soko la samaki la Ferry, zile za risasi, nilizozigonga zikawa bapa. Kabla ya kufunga bodi, ishikize modeli yote kwa tepu, ilaze juu ya penseli mahali pa magurudumu makubwa, ongeza chubwi kwenye kikombe cha karatasi kilichobandikwa puani hadi pua iiname, kisha ongeza moja zaidi kwa ajili ya rangi. Zishike kwa epoksi. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie. Modeli yangu ya kwanza nilizishika kwa gundi hiyo, na baada ya miaka minne pua ilipasuka yenyewe kwenye mshono. Ndani nilikuta unga mweupe umejaa. Tindikali iliyomo kwenye gundi ile inaila risasi polepole, inavimba, na plastiki haina pa kwenda.

Ya pili nilimpelekea mjomba siku ya Idi. Aliweka kidole kwenye kizingiti cha mlango wa abiria, akakipeleka nyuma taratibu hadi cha mlango wa mizigo, akaona kidole hakipandi wala hakishuki. Kisha akaniomba niandike 5H-MOG kwa herufi kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Niliziandika hivyo.

Ukishachora mlango, kabla ya praima (rangi ya msingi), piga picha ubavu wa kushoto mwanga ukitokea upande mmoja, uiweke hapa. Mfereji wenye kasoro huonekana zaidi kwenye plastiki tupu kuliko utakapokuwa umepakwa rangi, na hapo bado kurekebisha ni kazi ya jioni moja.