Wasomaji Wanauliza: Kazi iko ng'ambo, nimekwama nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walio likizo nyumbani huku ajira zikiwangoja Ghuba na Uingereza. Majibu haya ni ya Oktoba 2021, wakati wa janga la korona, na masharti yaliyotajwa ni ya wakati huo. Kabla ya kulipa chochote, fungua tena tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, maana masharti hubadilika hata ukiwa bado kwenye foleni.

Mimi ni fundi wa viyoyozi Sharjah. Nilikuja Kampala mwezi wa tatu kuuguza mzazi, na Juni marufuku ya ndege ikanikuta hapa. Nimechanjwa AstraZeneca dozi mbili hapahapa. Wenzangu wanasema chanjo lazima iwe ya kule, na kwamba miezi sita ikipita viza imekufa. Ni kweli?
*Fundi, Kampala*

Pole kwa kuuguza, ndugu. Wenzako wanakupa habari za Agosti. Tarehe 5 Agosti Falme za Kiarabu zilifungua mlango kwa wakaazi waliochanjwa ndani ya nchi hiyo. Tangu 12 Septemba, wakaazi wanaotoka nchi 15 zilizokuwa zimefungiwa, Uganda na Kongo zikiwamo, wanaruhusiwa kurudi kwa chanjo kamili yoyote iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, hata kama wamekaa nje zaidi ya miezi sita. AstraZeneca imo.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kukaa nje zaidi ya miezi sita kumesamehewa. Viza iliyokwisha tarehe ni habari nyingine, na hiyo ni kazi ya kampuni yako. Mwombe mwajiri aangalie hali ya faili lako kwenye mfumo. Usitegemee stika iliyomo kwenye pasipoti.

Viza ya Sharjah, kama ya Abu Dhabi au Ajman, inaombewa kibali cha kuingia ICA, mamlaka ya vitambulisho na uraia. Viza iliyotolewa Dubai inaombewa GDRFA, idara ya ukaazi na wageni ya Dubai. Watu wengi hukataliwa kwa kugonga mlango usio wao, kisha wakadhani wamenyimwa. Kwenye tovuti ya ICA utajaza pia ombi la chanjo na kupandisha cheti. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti viwe sawasawa na vilivyo kwenye pasipoti. Cheti kikikosa jina la tatu, rudi ulikochanjwa wakirekebishe kabla hujatuma.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi huanguka. PCR, kipimo cha korona cha maabara, iwe ya muda usiozidi saa 48 kabla ya kuondoka, ukihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa, si tangu majibu yalipotoka. Itoke maabara iliyoidhinishwa na iwe na msimbo wa QR. Tuseme ndege inaondoka Entebbe Alhamisi saa 10 jioni. Ukipimwa Jumanne saa 10 jioni, umebana kabisa: ndege ikichelewa saa moja tu, karatasi yako imekufa. Ukipimwa Jumatano saa 3 asubuhi, siku ya safari utakuwa umetumia saa 31, na umebakiza 17 za dharura, mradi maabara ikuahidi majibu ndani ya siku moja. Waulize hilo kabla ya kulipa. Angalia pia kwamba karatasi imechapwa saa ya sampuli, si tarehe peke yake. Na kwenye fomu, saa 10 jioni iandike 16:00. Kuna watu wameandika 10:00 wakajipunguzia saa sita.

Uwanjani kuna kipimo kingine cha PCR cha haraka kabla ya kupanda ndege. Mazoea ya kufika saa tatu kabla yaache nyumbani. Fika mapema zaidi, maana kipimo kina foleni yake na kaunta ya tiketi haingoji mtu. Ukishafika utapimwa tena siku ya 4 na ya 8.

Kama uliugua korona karibuni, pimwa kwa hiari wiki moja kabla ya kukata tiketi. PCR inaweza kuonyesha virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na kaunta haisikilizi maelezo. Nunua tiketi inayobadilishwa tarehe, hata ikizidi bei kidogo. Na cheti cha kununua mtaani usikiguse: msimbo wake ukisomwa haufunguki, nawe unabaki na kesi.

Mimi ni muuguzi Uingereza, niko Mombasa likizo. Wakala ananiambia nilipie hoteli ya karantini. Nina dozi mbili za AstraZeneca.
*Muuguzi, Mombasa*

Usilipe, dada. Hoteli hiyo, pauni 2,285 kwa mtu mzima tangu Agosti, ni ya wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha nyekundu. Kenya iliondolewa 22 Septemba, na tangu 11 Oktoba cheti cha chanjo cha Kenya kinatambuliwa. Wakala huyo ama hajui, ama anajua sana.

Kama dozi ya pili imetimiza siku 14, huhitaji kipimo kabla ya kuondoka wala kujifungia. Kwanza nunua kipimo cha siku ya 2, ndipo ujaze fomu ya abiria ndani ya saa 48 kabla ya kufika, kwa sababu fomu inadai namba ya kipimo hicho. Siku ya kufika ni siku ya 0. Pakua cheti kutoka Chanjo KE, tovuti ya chanjo ya serikali ya Kenya, mapema na ukichape. Mtandao wa uwanjani si wa kuutegemea. Kama unaunganisha ndege, liulize shirika lenyewe, maana nchi unayopitia inaweza kudai PCR hata kama Uingereza haiitaki.

Nafanya kazi Muscat. Nimepata dozi ya kwanza ya Sinovac hapa Unguja wiki hii, na kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, anataka nirudi mwisho wa mwezi. Inawezekana?
*Dereva, Unguja*

Haiwezekani, kaka. Oman imefungulia waliochanjwa tangu 1 Septemba, lakini dozi zote ziwe zimekamilika na ya mwisho itimize siku 14. Ukipangiwa dozi ya pili baada ya siku 28, jumla ni siku 42 tangu dozi ya kwanza. Mpelekee kafili tarehe hiyo kwa maandishi, na umwombe aulize Polisi ya Oman kama ukaazi wako ungali hai, hasa kama umevuka siku 180 nje. Ukiwa umefutwa, ataomba viza upya, na hilo lianze sasa, sambamba na chanjo. Tiketi ingoje majibu yake. PCR ya saa 72 itafuata wiki ya safari.

Siku za karantini nitalipwa?
*Mpishi, Doha*

Hutegemea mkataba. Mwulize mwajiri kabla hujapanda ndege, akujibu kwa barua pepe ya kampuni: mshahara unaendelea au la, hoteli analipa nani, na siku hizo zinahesabiwa likizo au kazi. Ujumbe wa sauti wa msimamizi hautoshi. Msimamizi akihamishwa, hakuna anayemjibia.